Nairobi–Kisumu ni Dakika 50. Uliza Mtu wa Ogwedhi

Kila nikiweka video nikiwa kwa basi la usiku, lazima mtu mmoja aandike hapo chini: "Buda, kwani bado unateseka na barabara? Si uende Kisumu upande ndege, ni dakika 50 tu." Halafu hiyo komenti inapata laiki kuliko video yenyewe.

Leo nataka tuongelee hizo dakika 50, juu nimechoka nazo. Si ati ni uongo. Ni za kweli kabisa. Shida ni kwamba zinajibu swali ambalo sisi wa huku hatujauliza.

Tuanze na hesabu yenyewe. Ukitafuta mtandaoni umbali wa ndege kutoka JKIA hadi uwanja wa Kisumu, utaambiwa ni kama kilomita 280. Hakuna mtu aliyekaa ndani ya ndege na futi akipima. Programu inachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, inachora mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, inakupa urefu wake. Kisha inagawanya kwa mwendo wa ndege, inaongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua, imemaliza kazi. Ratiba za mashirika ya ndege nazo hazitofautiani sana na hiyo namba, kwa sababu zinahesabu kutoka ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama kule inakoenda. Kabla ya hapo na baada ya hapo, shauri yako.

Sasa angalia kitu wasee wengi hawajawahi kufikiria. Ndege ya propela kama Dash 8-400 inakimbia karibu kilomita 660 kwa saa. Jeti kama Embraer 190 inafika kama 830. Tuseme zote mbili zingekimbia hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa zile kilomita 280. Ya kwanza ingetumia dakika 25 hivi. Ya pili, dakika 20. Tofauti ni dakika 5. Maze, dakika 5! Huo ni muda wa makanga kutafuta chenji yako.

Kwa hivyo kwa safari kama hii, hata ukiletewa ndege ya ajabu aina gani, angani hakuna muda mwingi wa kuokoa. Muda wote uko chini, kwa lami na kwa matope. Na huko chini ndiko hakuna mtu anahesabu.

Wacha nihesabu mimi. Natoka Ogwedhi, upande wa Migori unaopakana na Transmara, pale ukivuka kidogo tu uko kaunti ya Narok. Hii safari ya Nairobi nimeifanya kila chuo kikifungua na kufunga kabla niache masomo, na bado naifanya nikiitwa kazi. Mara mbili nimeenda kwa ndege, tiketi ikilipwa na waliokuwa wananiita. Hizi namba ni za miguu yangu.

Kutoka nyumbani hadi Migori mjini: weka saa moja. Kukiwa kukavu na nduthi iko karibu ni chini ya hapo. Mvua ikinyesha, usiniulize. Kutoka Migori hadi Kisumu, ukipitia Kisii, Oyugis na Ahero: weka masaa manne, pamoja na ule muda mathree inakaa steji ikisema imebakisha mmoja na imebakisha watano. Kutoka steji ya Kisumu hadi uwanja wa ndege: nusu saa, kwa sababu uwanja uko upande ule mwingine wa mji, ukielekea Kisian. Kuwahi uwanjani, kukaguliwa, kungoja: saa moja na nusu. Hapo nimemaliza masaa saba na bado sijaona mawingu.

Ndege yenyewe: zile dakika 50 zenu. Kushuka na kungoja mzigo: dakika 20. JKIA hadi katikati ya mji: dakika 50, kama Mombasa Road imekuhurumia.

Jumla ni masaa tisa. Kati ya dakika 540, ndege imebeba 50. Haifiki hata sehemu moja ya kumi.

Sasa basi la usiku. Ogwedhi hadi Migori, saa moja ile ile. Kungoja basi, nusu saa. Migori hadi Nairobi kwa barabara ya Kisii na Narok, masaa manane hivi. Jumla, masaa tisa na nusu.

Tofauti ni nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo naambiwa nilipie tiketi ya ndege, ambayo bei yake mara nyingi inaweza kunipeleka Nairobi na basi, kunirudisha, na nibaki na doo ya chai na mandazi Narok. Tena basi linatembea nikiwa nimelala. Ile safari ya kushukia Kisumu inakula siku yangu yote nikiwa macho, nimebeba begi, nikiulizwa na kila makanga kama naenda.

Kabla hujaanza kunitukana, sisemi ndege ni upuzi. Chukua mtu anayeishi Milimani pale Kisumu. Kwake hadi uwanjani ni robo saa. Ongeza ile saa moja na nusu ya kungoja, dakika 50 angani, mzigo, na kuingia mjini. Haimalizi hata masaa manne. Basi lingemchukua karibu mara mbili ya hiyo. Kwa huyo, ndege ni maendeleo kabisa, apande tu. Lakini ni ndege ile ile, kiti kile kile, bei ile ile. Yeye ameokoa nusu siku, mimi nimeokoa nusu saa. Ukituambia sisi wawili kwamba "Nyanza sasa iko dakika 50 kutoka Nairobi," umemwambia mmoja ukweli.

Na kuna kichekesho kingine ukiangalia ramani. Mstari ulionyooka kutoka Migori mjini hadi Nairobi ni kama kilomita 260. Kutoka Kisumu hadi JKIA ni 280. Soma tena polepole. Kwa hesabu ya angani, Migori iko karibu na Nairobi kuliko Kisumu. Lakini ili tupande ndege, tunapanda kwanza kaskazini zaidi ya kilomita 150 za barabara, halafu ndege inageuka inaturudisha kusini mashariki. Ni kama kutoka Migori kwenda Rongo ukipitia Isebania. Mtu akikuona utafikiriwa umepotea.

Utaniambia, "Lakini omera, si Migori iko na kiwanja?" Iko. Kinaitwa Lichota. Homa Bay nayo iko na chake, Kabunde. Lakini kiwanja cha ndege bila ndege ya kila siku ambayo mtu wa kawaida anaweza kulipia, kwake hicho ni kiwanja tu. Na unajua ni nani wamekizoea hiki cha Migori? Watalii. Mpaka kati ya Maasai Mara na Serengeti, pale Bologonja, haujawahi kufunguliwa tena kwa watalii tangu Tanzania ilipofunga mpaka mwaka 1977. Kwa hivyo mtalii anayetaka kutoka Mara aingie Serengeti hawezi tu kuvuka kwa gari, hata kama nyumbu wanavuka bila pasipoti. Njia moja wanayotumia ni hii: wanapanda ndege ndogo kutoka Mara hadi Migori, wanachukua gari hadi Isebania, wanagongewa mihuri, wanavuka Sirari, wanaenda Tarime, wanapanda ndege nyingine.

Hebu fikiria. Hizo mbuga mbili zimeshikana kama chapati mbili kwa sahani moja. Ukiuliza ile programu ya umbali, itakuambia ni dakika chache. Mtalii mwenye pesa zake anamaliza sehemu kubwa ya siku. Kwa hivyo hata yeye, pamoja na pesa zote, kinachomchelewesha kiko chini: lango lililofungwa, foleni ya mpakani, gari la katikati. Tofauti yake na sisi ni kwamba kuna mtu amekaa akampangia kila hatua, kutoka kitanda hadi kitanda. Gari linamngoja. Ndege inamngoja. Sisi ndio tunaingoja mathree ijaze.

Mfano mwingine ni Kisumu na Mwanza. Ukipima angani ni kama kilomita 330, na ile programu itakuambia bila aibu kwamba ni safari ya chini ya saa moja. Haiulizi kama kuna ndege. Na cha kushangaza ni kwamba ndege ilikuwa. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na ndege zake zilizokuwa zinatua majini zilipitia Kisumu. Karibu miaka 100 iliyopita. Leo msee wa Kisumu mwenye biashara Mwanza anapanda basi, anapita hapa kwetu Migori, anavuka Sirari, anapita Tarime na Musoma. Ziwa ni lile lile na umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni nani amepanga safari na amempangia nani.

Sasa mtaniuliza, kwa nini nimekasirika hivi kuhusu namba ya mtandaoni? Kwa sababu hii namba inatumika kutupima.

Simu inaingia Jumatano saa tisa mchana. "Hongera, umechaguliwa kwa mahojiano. Kesho saa mbili asubuhi, Westlands." Anayepiga simu hana ubaya. Kichwani mwake Nyanza ni Kisumu, na Kisumu ni dakika 50. Sasa fanya hesabu ukiwa Ogwedhi. Ukitoka hiyo dakika bila hata kuoga, utafika uwanja wa Kisumu saa mbili na nusu usiku, hapo uombe Mungu ndege ya mwisho isiwe imefunga milango. Kwa hivyo ndege haipo kabisa kwenye hesabu yako. Inabaki basi. Unafika Nairobi alfajiri, unatafuta choo cha kulipia, unabadilisha shati, unanawa uso, unaingia kukaa mbele ya watu watano waliolala kwao. Basi likipata pancha Narok, unaingia umechelewa. Unajua kinachoandikwa hapo. "Hana nidhamu ya muda." Au ile sentensi yao wanaipenda sana: "Vijana wa siku hizi hawana njaa ya kazi."

Mtu amesafiri usiku mzima kuja kwako na unasema hana njaa?

Ndiyo maana naona hii si hadithi ya ndege. Ni nani analipa gharama ya umbali ambao hauandikwi popote. Kijana wa Kilimani na kijana wa Ogwedhi wakiitwa mahali pamoja saa mbili asubuhi, mmoja amepewa saa mbili asubuhi na mwingine amepewa saa tisa mchana wa jana. Na hakuna mtu anaona tofauti, kwa sababu kwenye karatasi wote wameandikiwa muda mmoja.

Wanasiasa nao wanaipenda hii namba. Kila msimu wa kura kuna mtu atasimama juu ya gari aseme akichaguliwa atatuletea ndege, "mtafika Nairobi kabla chai ipoe". Tunapiga makofi. Mimi makofi yangu nimeyaweka kwanza. Nionyeshe hesabu yote. Ndege mara ngapi kwa wiki? Bei gani? Kutoka Ogwedhi hadi hapo Lichota nitafikaje mvua ikinyesha? Juu mkitengeneza rami ya kiwanja na barabara ya kwenda kiwanjani iwe matope, mmejenga mahali pa watu wa magari makubwa kupandia ndege.

Najua kuna mtu atasema, na ana haki, kwamba kiwanja si cha abiria tu. Mgonjwa mahututi anaweza kubebwa kutoka hapo. Madaktari wa ndege wa AMREF wamekuwa wakitumia viwanja vidogo kama hivi tangu 1957, na ukiwa unavuja damu, hakuna mtu atakuuliza kama basi lingefika karibu muda huo huo. Nakubali kabisa. Kwa hiyo kazi, kiwanja kikae, kitunzwe, nyasi zikatwe na ng'ombe watolewe. Lakini hata huyo mgonjwa lazima kwanza atoke nyumbani afike kiwanjani. Kama saa ya kwanza imeishia kwa matope nyuma ya nduthi, ndege itangoja mtu ambaye hatafika. Kwa hivyo hata hiyo hoja inarudi pale pale: barabara ya kijijini ndiyo inaamua kama ndege ina maana.

Ukinipa nichague leo, nitachagua hivi. Ndege ikimbie hata mara mbili ya ile Dash 8, kwa zile kilomita 280 nimeokoa kama dakika 13. Mathree iondoke Migori kwa saa iliyoandikwa, nimeokoa nusu saa. Barabara ya Ogwedhi ipitike mwaka mzima, nimeokoa nyingine, na mama anayepeleka maziwa ameokoa, na mtoto wa shule ameokoa, na huyo mgonjwa pia. Hakuna mmoja wao atawahi kuonekana kwenye ile programu ya umbali.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu.

Wewe unayeita watu kazini: uliza kwanza mtu yuko wapi. Si swali gumu. Akikuambia yuko Ogwedhi, ama Muhuru Bay, ama Mfangano, mpe siku mbili, au muanzie kwa simu ya video, au mweke saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi. Haitakugharimu hata shilingi. Utapata mtu ambaye amelala na anaweza kufikiri, na labda ndiye alikuwa bora kuliko wote.

Wewe kiongozi: ukija kutuuzia safari, tuambie muda kutoka mlango hadi mlango. Kutoka kwa mlango wa nyanyangu hadi mlango wa ofisi ya Nairobi. Ukitoa dakika za angani peke yake, tutajua umezisoma kwa simu ukiwa kwa gari.

Na nyinyi wa komenti, ndugu zangu, nawapenda, mnanilisha. Lakini kabla ya kumwambia mtu "si upande ndege", ongeza kwanza masaa yake ya chini. Chukua karatasi. Andika nduthi, andika steji, andika kungoja, andika foleni, andika jam. Halafu ndiyo uandike dakika 50. Ukimaliza uniambie kama bado unacheka.

Fanyeni hivyo hapo chini. Andika unatoka wapi, unaenda wapi, na masaa yako ya kweli kutoka mlango hadi mlango. Wa Mbita, wa Kehancha, wa Kendu Bay, hata nyinyi wa Lodwar na Lamu mje, mna yenu. Sitaki namba ya programu. Nitazikusanya zote niziweke kwa posti moja, halafu mtu akinipigia Jumatano saa tisa mchana aniambie kesho asubuhi, nitamtumia hiyo posti kwanza, kisha nianze kupanga begi.